Sukari imeshuka, mbona macho ya mama ndo yanaharibika?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Lamu, nimelifupisha kidogo:

"Salaam aleikum daktari. Mamangu ana sukari mwaka wa 14 sasa. Mwaka jana kipimo chake cha miezi mitatu kilikuwa 12, akaanzishiwa insulini, akaacha halwa na chai ya sukari, sahii ni 7.3 tukamshukuru Mungu. Juzi tumempeleka macho tukaambiwa mishipa ya nyuma ya jicho inavuja na kuna mipya inaota, achomwe leza au adungwe sindano ndani ya jicho. Kuna mambo matatu siyaelewi. Sukari imeshuka, mbona macho ndo yanaharibika? Mishipa mipya ikiota si ndo kupona? Na jicho ambalo mama bado anaonea, kwa nini waliunguze? Majirani wanatwambia tusikubali."

Waaleikum salaam dadangu. Mama mpe salamu zangu, mwambie kutoka 12 mpaka 7.3 si mchezo, hapa Malindi nina wagonjwa wa miaka mingi hawajawahi kushuka chini ya 9. Nianze na la majirani manake hilo ndo limenitia wasiwasi. Msiwasikilize. Sisemi mama atapofuka kesho, lakini mishipa mipya ikishaonekana hilo si jambo la kusema tusubiri maulidi yapite kwanza.

Sasa nikueleze, na nitakwenda pole pole manake ukishika moja mengine yote yatajifungua yenyewe. Watu wengi wanadhani huu ni ugonjwa wa mabomba, yaani mishipa imechakaa basi inavuja kama paipu ya zamani, dawa yake ni kuziba. Hata sie tulisomeshwa hivo hivo. Mie kwa maoni yangu ni ugonjwa wa njaa, mishipa ni pale njaa inapoonekana tu.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba, retina, unene wake haufiki hata nusu milimita, na huo utando ukiupima gramu kwa gramu ni katika vitu vinavyokula oksijeni nyingi kabisa mwilini, unashindana na ubongo. Na ajabu yake ni kwamba unakula zaidi gizani. Mtu akizima taa alale anadhani jicho limepumzika, kumbe ndo kazi imeanza, manake zile seli zinazopokea mwanga kukiwa giza milango yake inakaa wazi na chumvi inaingia ndani mfululizo, sasa lazima itolewe nje mfululizo vilevile, kama mashua inayoingiza maji na mtu amekaa na kata mkononi usiku kucha. Mwanga ukija milango inafungwa na yule mtu wa kata anapumua kidogo.

Halafu namna retina inavyopika chakula chake ni ya ajabu pia. Mjerumani mmoja, Otto Warburg, aliona kwenye miaka ya 1920 kwamba retina hata ukiipa oksijeni ya kutosha bado glukosi, yaani ile sukari ya damu, nyingi inaichoma kwa ile njia ya haraka haraka inayoacha asidi ya laktiki, ile ile ya kwenye misuli ya mtu anayekimbia mbio, na yeye tabia hiyo alikuwa akiiona kwenye saratani. Zamani ile laktiki ilidhaniwa ni taka. Siku hizi tunajua seli za jirani zinaila, yaani mle ndani kuna mtaa mzima unaopeana vyakula mlango kwa mlango, huyu akikosa na yule wa pili anakosa.

Chakula chenyewe kinaingia kwa njia mbili. Nyuma ya retina kuna tabaka lenye damu nyingi sana, koroidi, hilo linalisha seli za mwanga. Mbele kuna mshipa mmoja mdogo unaoingia pamoja na neva ya jicho, unagawanyika unagawanyika mpaka unakuwa vimishipa vyembamba ambavyo chembe ya damu inapita moja moja, kama punda kwenye vichochoro vya Mkomani hapo kwenu Lamu, mmoja akisimama walio nyuma wote wamesimama. Na ghala hakuna. Kuna majaribio ya daktari mmoja, Hayreh, alifunga ule mshipa kwa tumbili akakuta retina inavumilia kama dakika 97, ikipita hapo inaanza kufa. Kwa hivo mtu yeyote, awe na sukari au hana, jicho likizima ghafla bila maumivu asilale akasema nitaona kesho asubuhi, aondoke saa ile ile.

Haya, sasa sukari inaingiaje hapo. Misuli na mafuta mlango wa glukosi unafunguliwa na insulini, lakini mlango wa jicho uko wazi saa zote, hauna habari na insulini. Damu ikiwa na sukari 18 (hii ni ya kipimo cha kidole, si kile cha miezi mitatu) na jicho linafurika vilevile. Utasema si vizuri, chakula tele kwa mtu mwenye njaa? Ndo hapo penye shida. Seli ina jiko la kiasi fulani. Glukosi ikizidi nyingine inageuzwa kuwa kitu kinaitwa sorbitoli, na kuigeuza kunatumia ile akiba seli iliyokuwa inajikinga nayo na kutu, nyingine inalazimishwa kwenye mitokondria, ndo majiko ya seli, na yale majiko yanazidiwa yanatoa moshi, yaani chembe kali za oksijeni zinazounguza kila kilicho karibu. Na nyingine inaganda tu kwenye protini. Hii ya mwisho unaijua wewe jikoni kwako, ile rangi mahamri yanapata kwenye karai ni sukari na protini vimeungana kwa moto, Mfaransa anaitwa Maillard aliieleza mwaka 1912. Mwilini moto ni mdogo, nyuzi 37, lakini miaka 14 ni mingi. Kuta za vimishipa zinakaangika pole pole hivo. Hata kile kipimo cha miezi mitatu ni hesabu hiyo hiyo, ni sukari iliyojibandika kwenye wekundu wa damu, na chembe nyekundu inaishi kama siku 120 ndo manake kikaitwa cha miezi mitatu.

Wanaotangulia kufa ni seli zinazoitwa perisaiti, hizi zinakumbatia kimishipa kwa nje na kukishikilia, na retina ina nyingi kuliko karibu sehemu yoyote nyingine ya mwili. Mwaka 1961 Cogan na wenzake waliziona kwa hadubini kwenye macho ya watu waliokuwa na sukari, pamebaki ganda tupu pale seli ilipokuwa. Kimishipa bila mkumbatiaji kinavimba vidoto vidoto, kinavuja, halafu kinaziba. Lakini neva za retina zenyewe zinaanza kulegea hata kabla sisi hatujaona kidoto chochote kwa taa, ukipima umeme wa jicho unaliona hilo mapema. Ndo manake mie nasema mishipa si mwanzo wa hadithi. (Kuna ugonjwa mwingine, sitaki kukuchanganya, unaitwa MacTel, miaka nenda rudi ulihesabiwa ni wa mishipa ya katikati ya retina, mwaka 2019 ikatoka kwamba wengi wao wana upungufu wa kitu kidogo cha protini kinaitwa serini kwenye damu. Mishipa ilikuwa inalaumiwa bure.)

Sasa kimishipa kikishaziba, kale kaeneo kake kana sukari kila upande lakini oksijeni hakana. Njaa katikati ya shibe. Kanapika kwa ile njia ya laktiki peke yake, na ukichukua ute wa ndani ya jicho la mgonjwa aliyefika alipofika mama ukaupima, unaikuta laktiki imepanda na vitamini C imeshuka, na ute wa jicho zima una vitamini C nyingi mno kupita damu, kazi yake moja ni kumeza oksijeni iliyozagaa isiunguze lenzi. Yaani namna jicho zima linavyopika chakula chake inakuwa imegeuka, si mishipa tu.

Seli yenye njaa ya oksijeni haikai kimya. Ina swichi ndani ambayo oksijeni ikiwepo inavunjwa kila dakika, oksijeni ikikosekana inabaki imewaka, waliogundua mambo hayo walipewa Nobel mwaka 2019. Swichi ikiwaka seli inamwaga kitu kinaitwa VEGF, maana yake ni kilio, leteni mishipa huku. Mwaka 1948 Michaelson alishahisi kuna kitu kama hicho kinachotoka kwenye retina yenye njaa, hakukijua jina, na mwaka 1994 ndo kikapimwa ndani ya macho ya wagonjwa wa sukari kikakutwa kingi hasa kwa wale wenye mishipa mipya.

Hapo swali lako la pili limejijibu nusu. Kwa nia ni kupona, kwa kazi si kupona. Ile mishipa mipya haiingii kule kwenye njaa, inaota juu ya uso wa retina na kuelekea kwenye ute ambako hakuna mtu wa kulishwa. Na inajengwa kwa pupa. Wewe wa Lamu unajua nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa iliyoachwa ikakauka sawasawa, na unajua kibanda cha kusimamishwa kwa siku mbili. Inavuja maji, ndo yale yanayovimbisha katikati mtu akashindwa kutunga uzi au kusoma Kuruani. Inapasuka, ndo mtu anaona nyuzi nyeusi na moshi, au jicho lote linafunikwa na damu kwa mpasuko mmoja. Halafu inaota na makovu, kovu likinywea linaivuta retina mpaka ibanduke, hapo tunaongea mambo ya operesheni na si kila mara tunarudisha kitu. Kwa hivo hapana dadangu, usifurahie mishipa mipya.

Lile la kwanza ndo linalouma kwa sababu mama amejitahidi na anaona kama ameonewa. Kuna mambo mawili hapa. Moja, jicho lina kumbukumbu. Marekani na Canada walifuata watu 1,441 wa sukari ya aina ya kwanza, kundi moja likabanwa sukari vizuri sana na jingine la kawaida, mwaka 1993 majibu yakatoka kwamba waliobana, kati ya wale ambao macho yao yalikuwa safi mwanzo, hatari ya kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Halafu utafiti ukaisha, makundi yote yakawa na sukari inayokaribiana, lakini wale waliokuwa wamebana mapema waliendelea kuwa na macho mazuri kupita wenzao miaka na miaka. Deni la nyuma linaendelea kulipwa. Ule ukaango kwenye kuta za mishipa haubanduki kwa sababu leo mtu ameacha halwa, na perisaiti iliyokufa hairudi.

La pili wengi hawaambiwi, na mie nadhani ni kosa letu sie wa hospitali. Sukari iliyokuwa juu muda mrefu ikishushwa kwa haraka, macho ambayo tayari yana ugonjwa yanaweza kuzidi ndani ya ule mwaka wa kwanza. Lilionekana kwenye utafiti huo huo, na baadaye waliozidi wakaja kuwa sawa au bora kuliko wale walioachwa na sukari yao juu. Kwa hivo mama asije akasema insulini ndo imeniharibia macho nairudisha chai yangu! Insulini haina kosa. Kosa ni kwamba mtu mwenye 12 anayekwenda kuanzishiwa insulini angepimwa macho kwanza kisha tukae tukimwangalia kila miezi mitatu hivi. Nina hakika hakuna aliyewaambia.

Tuje kwenye leza, na hapa ndo utaona kwa nini nimekuzungusha na habari za njaa. Watu wanadhani leza ni kama kuchomelea, unaziba shimo. Kwa mishipa iliyoota hatufanyi hivo, hata hatuigusi. Tunachoma retina ya pembeni, madoa madogo madogo kama 1,200 mpaka 1,600 au zaidi kwa jicho, kwa siku kadhaa, na kila doa tunaua zile seli za mwanga, wale walaji wakubwa wa oksijeni. Tunapunguza midomo. Oksijeni ya koroidi waliyokuwa wanaimaliza wao sasa inapita pale penye doa inafika ndani kwa wale wenye njaa, kilio cha VEGF kinapungua, mishipa mipya inanyauka yenyewe. Unatoa sadaka ya pembeni ili kati pabaki. Nakubali ni dawa ya kikatili, na mama huenda akaona shida kutembea usiku au vitu vya pembeni vikapungua, mwambieni mapema asije akashtuka. Lakini Wamarekani walipoipima, mwaka 1976 majibu ya kwanza yalionyesha inapunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu, hata wakabadilisha utaratibu wa utafiti ili na yale macho waliyokuwa wameyaacha bila kutibiwa yapate leza. Inauma kiasi, jicho linatiwa dawa ya ganzi. Si moto wa makaa.

Sindano inafanya kazi kwa kuinyamazisha VEGF yenyewe. Avastin ilianza kama dawa ya saratani ya utumbo mwaka 2004, madaktari wa macho wakaiazima, kuna na Lucentis na Eylea ambazo bei yake ni nyingine kabisa. Sindano inakausha yale maji ya katikati vizuri sana, leza ile ya pembeni hilo hailiwezi, inaweza hata kuyazidisha kwa muda. Lakini sindano imeziba mdomo wa anayelia, njaa iko palepale, dawa ikiisha baada ya wiki chache kilio kinarudi, kwa hivo ni sindano baada ya sindano.

Na hapa nakupa maoni yangu kama ningekuwa kakako. Mnakaa Lamu. Kila safari ni boti mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, mpaka Malindi au Mombasa, nauli ya watu wawili na siku mbili za kazi zimekwenda. Wagonjwa waliokuwa kwenye sindano peke yake wakapotea miezi, wakirudi macho yao yanakuwa mabaya kuliko ya waliopotea baada ya leza, hilo limeshafuatiliwa likaonekana. Leza ikikamilika inabaki ikifanya kazi hata barabara ikifungwa. Kwa hivo kama daktari wake atasema katikati pamevimba, kubalini sindano za mwanzo, lakini muulizeni waziwazi: leza mtaimaliza lini? Usikubali sindano peke yake kama hujui nauli ya mwezi ujao itatoka wapi. Mtu wa Mombasa mjini ningemwambia vingine.

Mengine madogo. Presha ya mama ipimwe, hiyo inasukuma damu kwenye kuta zilizokwisha chakaa na inaharibu karibu kama sukari. Kuna dawa ya mafuta ya damu, fenofibrate, tafiti kadhaa zimeonyesha inachelewesha ugonjwa huu wa macho, ya Uskochi ya mwaka 2024 ilipata upungufu wa asilimia 27, muulizeni daktari wake wa sukari ila lazima figo ziangaliwe kwanza, na kwa hatua aliyofika mama haiwi badala ya leza. Asali, habasoda, maziwa, sijui maji ya waridi, hakuna cha kutia ndani ya jicho. Mfungo ukikaribia aende kwa daktari kabla, si baada, insulini na futari vinataka hesabu mpya.

Na kwa kuwa nimesema jicho lina njaa zaidi gizani najua mtu atauliza, basi tulale na taa? Swali zuri tu, Waingereza walilijaribu, watu wakavaa kifunika macho chenye mwanga mdogo usiku kwa miaka miwili, majibu yakatoka 2018, hakuna faida. Zimeni taa, lipeni stima kidogo.

Siku ya kliniki mama atatiwa matone ya kupanua mboni, ataona ukungu kwa masaa kadhaa na jua litamuumiza, kwa hivo abebe miwani ya jua na karatasi zake zote za insulini na presha, na asije peke yake. Ikibidi kurudi siku ile ile awe na mtu wa kumshika mkono pale gatini Mokowe akishuka kwenye boti, zile ngazi zikiwa na maji hata mwenye macho mazima anateleza. Picha za retina walizompiga ombeni nakala, nitumie nizione kabla hamjaondoka Lamu.